Jamii Asilia Kama Mbia wa Shule: Mafunzo Kutoka kwa Wamaori wa Nyuzilandi kwa Mwalimu wa Kiswahili Nchini Kenya

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna shule inavyoweza kushirikiana na jamii asilia ili elimu isimtenge mwanafunzi na utamaduni wake. Mfano mkuu unaotumiwa ni wa Wamaori wa Nyuzilandi, jamii ambayo kwa zaidi ya karne moja ilipewa elimu iliyopangwa na wengine, kisha kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikaanzisha taasisi zake yenyewe. Hoja kuu ni kwamba ubia haupimwi kwa wingi wa nyimbo, mavazi na sherehe za kienyeji zinazoingizwa shuleni, bali kwa swali moja: nani ana mamlaka ya kuamua? Baada ya kuujadili mfano huo na mipaka yake, makala inaigeukia Kenya na kuonyesha kuwa mwalimu wa Kiswahili ana wajibu wa pekee, kwa kuwa lugha anayoifundisha inaweza kuwa daraja la kuziingiza jamii ndogo shuleni au ufagio wa kuziondoa lugha zao.

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema kuwa mwacha mila ni mtumwa. Methali hii hufafanuliwa mara kwa mara katika madarasa ya Kiswahili, na aghalabu lawama humwangukia kijana anayedaiwa kuiga ya kigeni na kuyadharau ya kwao. Ni nadra kuulizwa ni wapi kijana huyo alikojifunza dharau hiyo. Kwa watoto wengi wa jamii asilia duniani, mahali pa kwanza palipowafundisha kuwa lugha ya mama zao haifai ni shuleni, na aliyewafundisha hivyo ni mwalimu.

Katika miongo ya hivi karibuni, wataalamu wa elimu wamesisitiza kwamba shule inapaswa kuutegemeza utamaduni wa mwanafunzi badala ya kuuvunja. Kauli hii inakubalika kwa wepesi. Ugumu huanza inapotekelezwa. Shule nyingi hudhani zimeitekeleza zinapoteua siku moja ya utamaduni kwa mwaka, wanafunzi wakavaa ushanga na ngozi, wageni wakapiga makofi, na kesho yake masomo yakaendelea kama kawaida. Makala hii inadai kuwa huo si ubia. Ili kulithibitisha dai hilo, inafuatilia safari ya Wamaori, kisha inajiuliza ni yapi katika safari hiyo yanayoweza kumfaa mwalimu wa Kiswahili nchini Kenya.

2.0 Ufafanuzi wa Dhana

Istilahi ya jamii asilia ina utata barani Afrika, kwa kuwa takribani makabila yote yanaweza kudai uasilia mbele ya mkoloni. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inatoa njia ya kuutatua utata huo. Kifungu cha 260, kinapofasili jamii zilizotengwa, kinazitaja jamii asilia zilizodumisha maisha ya kuwinda na kukusanya chakula, na pia jamii za wafugaji, ziwe za kuhamahama au zenye makao ya kudumu. Hiyo ndiyo maana inayokusudiwa katika makala hii: jamii ambazo mfumo wao wa maisha haukuzingatiwa wakati taasisi za taifa zilipojengwa, shule ikiwa mojawapo.

Ubia nao una ngazi tatu ambazo aghalabu huchanganywa. Ngazi ya kwanza ni kualikwa: jamii huitwa shuleni kutumbuiza au kushuhudia. Ngazi ya pili ni kushauriwa: jamii huulizwa maoni, lakini uamuzi hubaki kwa mwenye kuuliza. Ngazi ya tatu ni kuamua: jamii hushiriki kuchagua kinachofundishwa, lugha ya kukifundishia na mtu wa kukifundisha. Ngazi mbili za kwanza zina manufaa yake, ila ni ya tatu pekee inayostahili kuitwa ubia.

3.0 Shule Iliyoombwa na Jamii, Ikaamuliwa na Wengine

Mwaka 1840, wawakilishi wa Malkia wa Uingereza na machifu wengi wa Kimaori walitia saini Mkataba wa Waitangi. Kifungu cha pili cha nakala ya Kimaori kiliwahakikishia machifu mamlaka yao juu ya ardhi, vijiji na taonga zao zote. Neno taonga lina maana pana ya hazina, yaani kila kitu chenye thamani ambacho watu hurithishana. Neno hilo moja lingekuja kuwa na uzito mkubwa karibu karne moja na nusu baadaye.

Shule za mwanzo za wamisionari zilikuwa zikifundisha kwa Kimaori. Mambo yalibadilika Sheria ya Shule za Wenyeji ilipopitishwa mwaka 1867. Chini ya sheria hiyo, jamii ya Kimaori iliyotaka shule iliiomba serikali na kutoa ardhi. Serikali kwa upande wake ilileta mwalimu na vitabu. Kijiji kilikuwa hata na kamati yake ya shule. Kwa mtazamo wa juujuu, huo ulikuwa ubia. Hata hivyo, sheria iliagiza masomo yatolewe kwa Kiingereza kadiri ilivyowezekana. Jamii ilitoa kiwanja, lakini haikupewa kauli juu ya kitakachosemwa ndani ya kuta zilizosimama juu ya kiwanja hicho.

Wazazi wengi wa wakati huo walikitaka Kiingereza. Walikiona kuwa ufunguo wa kuuelewa ulimwengu mpya uliowazunguka, na hawakukosea. Walichokitaka, hata hivyo, ni kuongezewa lugha, si kubadilishiwa. Badala yake watoto wao waliadhibiwa, mara nyingi kwa viboko, kwa kuzungumza Kimaori katika uwanja wa shule. Waliopitia adhabu hizo walipokuwa wazazi, wengi waliamua kuwalea watoto wao kwa Kiingereza ili kuwaepusha na machungu waliyoyaonja. Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, maelfu ya familia zilihamia mijini, ambako Kimaori hakikuwa na nafasi kazini wala mtaani. Kwa mujibu wa hesabu inayotajwa mara nyingi, mwaka 1913 takribani asilimia 90 ya wanafunzi wa Kimaori walikijua Kimaori; kufikia mwaka 1975, walikuwa chini ya asilimia 5. Shule za wenyeji zenyewe zilikuwa zimekwisha kuunganishwa na mfumo wa kawaida mwaka 1969.

Funzo la sehemu hii ni bayana. Jamii inaweza kushiriki kwa ardhi, kwa nguvu kazi na hata kwa kamati, na bado ushiriki huo ukatumika kuuangamiza utamaduni wake, iwapo haina sauti juu ya mtaala na lugha.

4.0 Kiota cha Lugha

Mnamo tarehe 14 Septemba 1972, vijana na wazee wa Kimaori walifikisha bungeni ombi lililotiwa saini na watu zaidi ya 30,000, wakitaka Kimaori kifundishwe shuleni. Serikali ilisikia, lakini utekelezaji ulikuwa wa kusuasua. Wakati huo huo, utafiti wa kiisimujamii ulioongozwa na Richard Benton katika miaka ya 1970 ulionyesha kuwa wengi wa wasemaji waliobaki walikuwa watu wazima na wazee. Kwa lugha, hiyo ni dalili ya mauti, kwani lugha isiyo na watoto haina kesho.

Katika mikutano ya wazee iliyofanyika mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, lilizaliwa wazo lililokuwa jepesi kueleweka. Wazee wanaoijua lugha wapo. Watoto wachanga wasioijua wapo. Kinachohitajika ni kuwakutanisha kila siku. Mwaka 1982 kikafunguliwa huko Wainuiomata, karibu na mji mkuu wa Wellington, kituo cha kwanza kilichoitwa kohanga reo, yaani kiota cha lugha. Sharti lake kuu lilikuwa kwamba ndani ya kiota lisisikike neno la lugha nyingine. Mabibi na mababu ndio waliokuwa walezi. Uendeshaji ulikuwa mikononi mwa whanau, neno linalomaanisha ukoo au jamaa pana, na ambalo hapa liliwajumuisha wazazi, wazee na watoto wa kituo kimoja. Viota vilianzishwa katika kumbi za kimila, majengo ya makanisa na hata nyumba za watu. Katika muda wa miaka mitatu tu vilikuwa zaidi ya 400.

Mambo mawili yanastahili kuangaliwa katika kisa hiki. Kwanza, elimu haikuanzia kwa wataalamu wenye vyeti, bali kwa wale ambao mfumo wa shule ulikuwa umewahesabu kuwa wasiojua kitu. Bibi asiyewahi kuketi katika chuo cha ualimu akawa mwalimu asiyeweza kubadilishwa na mwingine. Pili, wanawake walikuwa nguzo ya harakati hii. Iritana Tawhiwhirangi, aliyekuwa miongoni mwa viongozi wake wakuu tangu mwanzo, ni ushahidi kuwa kulinda utamaduni si lazima kumaanishe kuwaachia wanaume wazee neno la mwisho.

5.0 Sheria Inapoifuata Jamii

Ufanisi wa viota ulizua tatizo jipya. Mtoto aliyetoka kiotani akiwa msemaji hodari wa Kimaori aliingia shule ya msingi ya Kiingereza, na baada ya muda mfupi lugha ikamponyoka. Wazazi hawakungoja serikali ilitatue. Mwaka 1985, katika ukumbi wa kimila wa Hoani Waititi jijini Auckland, ilifunguliwa shule ya kwanza ya aina ya kura kaupapa Maori, yaani shule inayofuata misingi ya Kimaori. Shule hiyo haikuwa imetambuliwa na sheria yoyote wakati huo.

Sheria ilikuja nyuma. Mwaka 1986, Baraza la Waitangi, ambalo kazi yake ni kuchunguza malalamiko juu ya ukiukaji wa mkataba wa 1840, liliamua kuwa lugha ya Kimaori ni taonga, na kwa hivyo serikali ilikuwa na wajibu wa kuilinda. Mwaka 1987 Kimaori kikafanywa lugha rasmi. Mabadiliko ya sheria ya elimu yakazitambua shule za kura kaupapa Maori mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 1999 sheria ikaitambua Te Aho Matua, hati ya falsafa inayoziongoza shule hizo. Hati hiyo ina sehemu sita, nazo zinahusu utu wa mtoto, lugha, watu na jamaa zao, ulimwengu, njia za kujifunza, na sifa za mhitimu anayetarajiwa. Ikumbukwe kwamba kabla ya kutaja somo lolote, hati inaanza na mtoto mwenyewe: mwili wake, akili yake na roho yake.

Kwa mwanafunzi wa lugha, istilahi moja ya Kimaori inastahili kutajwa hapa. Kitenzi ako kina maana ya kufundisha na pia kujifunza. Kiswahili hutofautisha vitendo hivyo kwa mofimu: funza na jifunza. Hata hivyo, mzizi ni mmoja, na Kiswahili cha Pwani kina kumbukumbu ya elimu ya namna hiyo. Neno somo, ambalo leo linamaanisha kipindi darasani, katika mila za Pwani humtaja pia mwanamke anayemfunda msichana mambo ya utu uzima. Somo alikuwa mtu kabla ya kuwa ratiba. Dhana ya ako inamkumbusha mwalimu kwamba anapoingia katika jamii isiyo yake, yeye naye ni mwanafunzi.

6.0 Shule za Kawaida: Nani Mwenye Kasoro?

Wanafunzi wengi wa Kimaori, hata hivyo, hawasomi katika shule za Kimaori. Wako katika shule za kawaida zinazotumia Kiingereza, chini ya walimu ambao wengi wao si Wamaori. Mradi ulioitwa Te Kotahitanga, yaani umoja, ulianzishwa mwaka 2001 chini ya uongozi wa Russell Bishop na Mere Berryman wa Chuo Kikuu cha Waikato ili kuishughulikia hali hiyo.

Mradi huo ulianza kwa kusikiliza. Wanafunzi wa Kimaori wa madarasa ya mwanzo ya sekondari, wazazi wao, walimu wakuu na walimu waliulizwa swali moja: ni nini kinachoathiri maendeleo ya wanafunzi hawa? Majibu yalitofautiana sana. Walimu wengi walitaja upungufu wa wanafunzi wenyewe na wa nyumba zao: umaskini, utoro, wazazi wasiojali. Wanafunzi na wazazi walitaja jambo jingine kabisa, nalo ni uhusiano kati ya mwalimu na mwanafunzi. Walieleza walimu wasiotarajia mema kutoka kwao na wasiojishughulisha kuwajua.

Tofauti hii ina maana kubwa. Mwalimu anayeamini kuwa kasoro iko nyumbani kwa mtoto hana la kufanya ila kulalamika, kwa sababu nyumba ya mtoto haimo katika uwezo wake. Mwalimu anayetambua kuwa uhusiano darasani ndio kiini ana la kufanya kesho asubuhi. Mradi uliwasaidia walimu kuanzia hapo: kuwatazama wakifundisha, kuwapa maoni, na kuwakutanisha ili wapange pamoja. Ni vyema kusisitiza kwamba kilichobadilishwa kwanza hakikuwa picha za ukutani wala nyimbo za gwaride, bali matarajio ya mwalimu.

7.0 Mipaka ya Mfano Huu

Ingekuwa kosa kuuchora mfano wa Wamaori kana kwamba ni hadithi ya ushindi mtupu. Idadi ya watoto katika viota ilifikia kilele katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1990, kisha ikapungua. Viota vilipohamishiwa Wizara ya Elimu mwaka 1990, vilianza kupimwa kwa vigezo vilivyotungwa kwa ajili ya vituo vya kawaida vya malezi. Mwaka 2012 Baraza la Waitangi lilibaini kuwa serikali haikuwa imetimiza wajibu wake kwa viota hivyo. Msaada wa serikali unaweza kuokoa asasi ya jamii, na unaweza pia kuibana hadi ikapoteza roho yake.

Aidha, walimu wenye umahiri wa Kimaori hawajawahi kutosheleza mahitaji. Isitoshe, ubia uliomo katika sheria hutegemea upepo wa siasa. Sheria ya elimu ya mwaka 2020 ilizitaka bodi za shule kuutekeleza Mkataba wa Waitangi. Mwaka 2025 serikali iliyokuwa madarakani ilitangaza kuziondolea bodi wajibu huo. Kinachoandikwa na bunge moja kinaweza kufutwa na jingine. Ndiyo maana ni muhimu kukumbuka kwamba viota na shule za Kimaori vilikuwepo kabla ya sheria kuvitambua.

8.0 Mafunzo kwa Kenya

8.1 Yanayofanana na Yanayotofautiana

Kenya na Nyuzilandi zilitawaliwa na Uingereza, na adhabu ya lugha ilizikumba zote mbili. Ngugi wa Thiong'o, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu ukombozi wa fikra, alieleza jinsi wanafunzi wa enzi ya ukoloni walivyoadhibiwa na kufedheheshwa kwa kuzungumza Kikuyu shuleni. Mawazo yake yalivuka bahari: Linda Tuhiwai Smith, msomi wa Kimaori, aliyarejelea katika kitabu chake cha mwaka 1999 kuhusu utafiti na jamii asilia. Hivyo Afrika Mashariki iliwapa Wamaori hoja. Si aibu nayo ikachukua tajriba.

Hata hivyo, tofauti ni kubwa. Wamaori wana lugha moja yenye lahaja kadhaa, ilhali Kenya ina lugha zaidi ya 40. Jamii asilia za Kenya hazina mkataba kama wa Waitangi. Baadhi tayari zimepoteza lugha zao: Wayaaku wa Mukogodo wamehamia Kimaa, nao Waelmolo wa Ziwa Turkana wamehamia Kisamburu. Mabadiliko hayo yanaonyesha kuwa si lugha za kigeni peke yake zinazomeza; lugha ya Kiafrika yenye nguvu humeza jirani yake vilevile.

8.2 Msingi wa Kisheria Uliopo

Tangu Tume ya Gachathi ya mwaka 1976, sera ya Kenya imependekeza mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo la shule katika madarasa ya chini. Kifungu cha 7 cha Katiba kinaitaka serikali kukuza lugha asilia, na cha 56 kinataka makundi madogo yasaidiwe kuendeleza maadili, lugha na desturi zao. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilianzisha baraza la kushughulikia elimu ya wafugaji wa kuhamahama. Mtaala wa umilisi, uliosambazwa nchini kote mwaka 2019, uliipa lugha asilia nafasi katika miaka ya mwanzo. Kimaandishi, basi, mlango uko wazi.

Kuna kipengele kingine ambacho hakijatazamwa vya kutosha. Sheria hiyo ya 2013 inampa mfadhili wa shule, ambaye mara nyingi ni kanisa au taasisi nyingine ya kidini, viti katika bodi ya usimamizi na wajibu wa kulinda maadili ya kiroho ya shule. Maana yake ni kwamba sheria ya Kenya tayari inakubali kuwa shule ya umma inaweza kuwa na mlinzi wa mapokeo fulani bila kuacha kuwa ya umma. Ikiwa mapokeo ya madhehebu yana mlinzi katika bodi, ni vigumu kueleza kwa nini mapokeo ya Waogieki katika shule iliyo pembezoni mwa msitu wa Mau yasiwe na wake. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, katika hukumu yake ya tarehe 26 Mei 2017, iliitambua jamii hiyo kuwa ya asilia na kuona kuwa haki zake, ikiwemo ya utamaduni, zilikuwa zimekiukwa.

Kihistoria, maarifa ya jamii hiyo hayakuwa mapambo. Koo za Waogieki ziligawana maeneo ya msitu yanayoanzia nyanda za chini hadi za juu, ili mizinga ifuate misimu ya maua katika kila mwinuko. Humo mna jiografia, biolojia na hesabu. Mwanafunzi anayefundishwa hali ya anga kwa mifano ya nchi za mbali, huku babu yake akiijua kalenda ya maua ya mlima mzima, anafundishwa jambo la pili bila kutajiwa: kwamba babu hajui kitu.

8.3 Mwalimu wa Kiswahili: Daraja au Ufagio?

Katika shule nyingi za Kenya, kibao cha fedheha kilivishwa shingoni mwa mwanafunzi aliyezungumza lugha ya mama, na katika nyingine hata aliyezungumza Kiswahili siku isiyokuwa yake. Kiswahili kinaijua adhabu hiyo kwa kuionja. Kwa hivyo lingekuwa jambo la kusikitisha iwapo lugha iliyowahi kuvishwa kibao ingegeuka kuwa mkono unaowavisha wengine. Mwalimu anayepelekwa kufundisha kwa Waaweer wa Lamu, kwa Wasamburu au kwa Waogieki huja na lugha ya taifa, na kwa mtoto wa huko lugha ya taifa ni lugha ya wenye nguvu.

Bahati njema ni kwamba silabasi ya Kiswahili inabeba zana ya ubia ambayo masomo mengi hayana, nayo ni fasihi simulizi. Wanafunzi hufundishwa tanzu, sifa za fanani, nafasi ya hadhira na hatua za utafiti wa nyanjani. Katika shule nyingi, hata hivyo, nyanja hiyo haivuki jalada la kitabu. Mwanafunzi hukariri sifa za fanani ilhali fanani wa kweli anaishi umbali wa kutupa jiwe kutoka lango la shule. Hatua zifuatazo zinaweza kuanza bila kungoja waraka kutoka wizarani.

(a) Mwalimu aanze kwa kuwauliza wazazi na wazee ni nini wangependa mtoto wao akijue atakapomaliza shule, kabla ya kuwaeleza shule inakusudia nini.

(b) Fanani aalikwe kama mtaalamu, si kama kitumbuizo. Achague mwenyewe cha kusimulia, na aheshimiwe anapokataa, kwa kuwa kuna tungo zisizosimuliwa mchana, zisizosimuliwa kwa kila mtu, au zilizo na msimu wake. Inapowezekana, alipwe.

(c) Ngano, vitendawili na methali zikusanywe kwanza kwa lugha ya jamii, kisha zifasiriwe kwa Kiswahili. Nakala ya kile kilichorekodiwa irudi kwa jamii. Utafiti unaochukua bila kurudisha ni uporaji wenye adabu.

(d) Mwalimu ajifunze lugha ya wanafunzi wake, hata kama ni salamu na hesabu za mwanzo tu. Anapokosea na kusahihishwa na mtoto, darasa zima hushuhudia kwamba lugha hiyo ina kanuni na kwamba inaweza kufundishwa.

(e) Ratiba ya shule iyatazame maisha ya jamii. Katika miaka ya 1990, mpango wa Lchekuti huko Samburu uliwafundisha jioni watoto waliokuwa wakichunga mifugo mchana. Badala ya kumtaka mtoto achague kati ya mbuzi na kitabu, shule ilisogeza saa yake.

8.4 Swali la Nani Anayeisemea Jamii

Wapo wanaohofia kwamba kuipa jamii mamlaka ni kuhalalisha ukeketaji na ndoa za mapema. Hofu hii si ya kupuuzwa, na sheria ya mwaka 2011 iliyoharamisha ukeketaji haina budi kuzingatiwa na kila mbia. Hata hivyo, hoja hiyo haivunji haja ya ubia. Inaongeza swali: ndani ya jamii, nani anasikilizwa? Jamii si baraza la wazee wanaume pekee. Ndani yake wamo akina mama, vijana na wasichana wanaozipinga mila hizo kwa lugha yao wenyewe, na aghalabu kwa ujasiri kuliko mgeni yeyote. Ubia wa kweli huwatafuta hao pia. Uzoefu wa viota vya Kimaori, vilivyotegemea sana wanawake, unathibitisha kuwa jambo hilo linawezekana.

9.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kuwa jamii ya Kimaori ilishiriki katika shule mara mbili. Mara ya kwanza ilitoa ardhi na ikapoteza lugha. Mara ya pili ilitoa wazee wake na ikaanza kuirejesha. Tofauti kati ya mara hizo mbili haikuwa ukubwa wa mchango, bali mahali mamlaka yalipokaa. Imeonyeshwa pia kuwa Kenya ina sheria za kutosha kuanzia, na kwamba fasihi simulizi inampa mwalimu wa Kiswahili njia iliyo tayari.

Mkono mmoja haulei mwana, husema Waswahili. Methali hiyo haielezi ni mkono upi ulio wa mbele na upi wa kusaidia tu. Inautaja ulezi, na ulezi huhitaji mikono yote miwili iwe na nguvu. Wanachama wengi wa vyama vya Kiswahili vyuoni watakuwa walimu, na baadhi yao watapangiwa shule ambazo hawakuziomba, miongoni mwa watu ambao lugha yao hawajawahi kuisikia. Siku ya kwanza darasani, kabla ya kuandika tarehe ubaoni, kila mmoja wao atakuwa na nafasi ya kuwauliza wanafunzi jambo dogo: kwenu, watu husalimianaje? Jibu litakalotolewa ndilo somo la kwanza, na mwanafunzi wake wa kwanza ni mwalimu.